Je, parachichi husalimu amri? Jibu kwa msomaji wa Rungwe kuhusu neno “yield”

Swali lilikuja hivi:

“Mwalimu, shikamoo. Nimepata kibarua kwenye kituo cha kufungashia maparachichi huku Rungwe, na wiki hii neno moja limenitesa. Ukutani pamebandikwa karatasi: ‘Ripe fruit yields to gentle pressure.’ Kwenye fomu ninayojaza kila jioni kuna safu imeandikwa ‘Yield’, na mimi nimekuwa nikiandika idadi ya kreti. Nyumbani, mfuko wa mbegu ya mahindi wa baba umeandikwa ‘yield potential’. Halafu kaka yangu anayesomea uhasibu ananiambia hayo ni mambo ya hatifungani za serikali, ‘yield to maturity’. Kamusi yangu ndogo inasema: mazao, kusalimu amri. Sasa mwalimu, parachichi linasalimu amri? Na ile safu nijaze nini?”

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana inagusa jambo nililolipigania darasani miaka mingi: neno la Kiingereza halishikiki kwa kukariri maana mbili za kamusi ya mfukoni. Kamusi yako haikukudanganya. Mazao ni sahihi, kusalimu amri ni sahihi. Ila imekushusha Uyole njia panda usiku, ikaondoka bila kukuambia gari la Tukuyu linapandiwa upande gani.

Twende kwanza kwenye mzizi. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi “gieldan”, na maana yake ilikuwa kulipa. Ndugu yake yuko hai katika Kijerumani mpaka leo, “Geld”, yaani fedha. Mwaka 991 Waingereza walipopigwa vitani huko Maldon, waliwalipa wavamizi waliotoka ng’ambo ya bahari pauni 10,000 za fedha ili waondoke. Malipo ya namna hiyo baadaye yakaja kuitwa “Danegeld”, na hiyo “geld” ya mwisho ni damu moja na “yield” yako.

Sasa sikiliza watu wanavyozungumza huku kwetu. Mtu aliyetoka Njombe akaona mashamba mapya anasema, “Parachichi zinalipa.” Mwingine pale Mwanjelwa analalamika kwamba viazi mwaka huu havikulipa. Kilimo kinalipa, biashara hii hailipi, ng’ombe wa maziwa wanalipa ukiwatunza. Hakuna aliyetufundisha kusema hivyo. Tuliona wenyewe kwamba ardhi uliyoilima, ukaipanda, ukaipalilia, ina deni lako, na siku ya kuvuna inakulipa. Mwingereza wa zamani aliona vilevile, na ndivyo “yield” ilivyoingia shambani.

Lakini anayelipa anafanya nini hasa? Anaachia kitu kilichokuwa mkononi mwake. Kutoka kuachia fedha hadi kuachia ngome, kuachia silaha, kuachia njia, ni hatua moja tu. Kufikia karibu mwaka 1300 neno hilo lilikuwa limebeba pande zote mbili, kutoa na kujisalimisha, na halijazitua mpaka leo. Kwa hiyo ukiniuliza maana ya “yield” kwa pumzi moja nitakwambia: kuachia kilichokuwa ndani yako au mikononi mwako baada ya kitu fulani kukufikia. Kinachokufikia kinaweza kuwa jembe, fedha, kiganja cha mtu au jeshi.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo, na si upungufu. Sisi tunagawa. Mti huzaa, ng’ombe hutoa maziwa, mazungumzo huzaa matunda, tunda hubonyea, dereva hupisha, jeshi husalimu amri. Kazi ya mfasiri ni kujua mahali hapo palipo na “yield” Mswahili angesema lipi kati ya hayo. Na njia ya kujua ni kutazama neno linalofuata.

Likifuata jina la kitu moja kwa moja, hapo ni kutoa au kuzaa. “The tree yields good fruit”: mti huzaa matunda mazuri. “The meeting yielded nothing”: kikao hakikuzaa matunda. Kinachotoka lazima kiwe kimetoka ndani ya chanzo chake, kama zao la jambo fulani. Ndiyo maana huwezi kusema baba “yielded me a phone”. Simu ni ya kupewa, na hapo Mwingereza anasema “gave”. Makosa haya nimeyasahihisha kwenye madaftari mengi, na hutokea kwa sababu mwanafunzi amekariri “yield = toa”, basi kila toa anaigeuza.

Wengi wa huku kwetu tumekulia kwenye ibada, basi chukua mfano unaoujua. Mwanzo 1:11, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina “herb yielding seed” na “fruit tree yielding fruit”. Katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, Union Version, mstari huo ni “mche utoao mbegu, na mti wa matunda uzaao matunda”. Sisemi watafsiri wetu waliitoa kwenye Kiingereza. Nakuonyesha tu kwamba pale Kiingereza kilipotumia neno moja mara mbili, Kiswahili kilisikia tofauti: mche hutoa, mti huzaa. Nenda pia Mathayo 27:50. Kiingereza kilekile kinasema Yesu “yielded up the ghost”, na Kiswahili kinasema “akaitoa roho yake”. Ni kuachia kilichokuwa ndani.

Likifuata neno “to”, upepo unageuka. Sasa kuna nguvu upande mmoja, na upande wa pili kuna kitu kinachoikubali. Hapa ndipo parachichi lako lilipo.

Chukua parachichi la Hass lililochumwa jana. Liweke kwenye kiganja. Usitumie ncha za vidole, maana zinaacha jeraha chini ya ganda, na mnunuzi atalikuta likiwa doa jeusi. Funga kiganja taratibu. Halifanyi lolote, ni kama umeshika jiwe la mtoni. Liache siku kadhaa mahali pasipo na baridi kali, uwe unalishika kila asubuhi namna hiyohiyo. Ganda litaacha ukijani wake, lielekee zambarau iliyokolea mpaka nyeusi. Asubuhi moja utafunga kiganja, utahisi ganda linakubali: nyama ya ndani inarudi nyuma kidogo, kisha inasimama. Kule kukubali kidogo ndiko karatasi yenu ya ukutani inakuita “yields”.

Kiswahili kina neno lake kamili, nalo ni kubonyea. Mimi nabonyeza, tunda linabonyea. Angalia vitenzi vyetu vilivyo na adabu: kimoja kinamtaja anayesukuma, kingine kinakitaja kinachosukumwa na kukubali. Kwa hiyo karatasi ile ningeiandika hivi: “Parachichi lililoiva hubonyea kidogo likibanwa taratibu.” Neno “gentle” usilidharau, ndilo linalobeba kipimo. Kwa nguvu za kutosha hata bichi litapasuka, na hilo si kuiva. Na kama kidole kimezama na shimo limebaki pale pale, Mwingereza hasemi tena “yields”. Hilo limeiva kupita kiasi, limepondeka.

Hapo hapo nikuonye jambo la kazini. Karatasi inasema “ripe”, yaani lililoiva. Parachichi hili hukomaa mtini lakini haliivi mtini, linaiva likishachumwa. Kukomaa ni “mature”, kuiva ni “ripe”, na kwa bahati Kiswahili kinatenganisha vizuri kabisa. Tunda la kwenda nje linasafiri wiki nyingi kwenye kontena la baridi, kwa hiyo linalotakiwa kufungwa ni lililokomaa na bado gumu. Tunda linalo-“yield” mezani kwenu leo ni la kuwekwa pembeni. Ukisoma karatasi ile bila kuelewa neno la kwanza, unaweza kuchagua yaliyo laini ukidhani ndiyo bora. Muulize msimamizi wako imebandikwa kwa ajili ya hatua ipi ya kazi.

Sasa, je, parachichi linasalimu amri? Kwa Kiingereza, ndiyo, ni kitenzi kilekile. Kwa Kiswahili tusiseme hivyo, kwa sababu kusalimu amri ni kwa mwenye hiari, aliyeweza kukataa. Mfano ninaoutumia kwa hilo ni wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliteketeza jeshi la Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Zelewski, akafa hapo hapo. Wajerumani walirudi, na mwaka 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliingia porini, akapigana kwa miaka karibu minne, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa, akajiua mwenyewe wasimkamate. Andika hivi kwenye daftari lako: “Kalenga fell, but Mkwawa did not yield.” Kalenga ilianguka, lakini Mkwawa hakusalimu amri. Wala huhitaji kutaja alikataa kumwachia nani. Neno linaweza kusimama peke yake. Na mtu wa namna yake sifa yake ni “unyielding”, asiyeyumba.

Kwa nini nisiseme “surrender”? Ungeweza. “Surrender” ni tendo la rasmi: mikono juu, bunduki chini, mkataba mezani. “Give up” ni kuacha, mara nyingi kwa kuchoka au kukata tamaa. Mtu anaweza ku-“give up” kuvuta sigara pasipo adui yeyote. “Yield” inataka pawe na nguvu inayosukuma, na inaruhusu kukubali kidogo. Magazeti ya Kiingereza yakiandika kwamba serikali fulani “yielded to pressure”, haina maana imeondoka madarakani. Imelegeza msimamo, imekubali shinikizo. Na neno letu shinikizo lenyewe linatokana na kushinikiza, kukandamiza. Mashine ya kukamulia mafuta nayo huitwa shinikizo. Tunda na serikali vimebanwa kwa neno moja katika lugha zote mbili, na mimi kila nikilifikiria hili hupata furaha ya kweli.

Sasa njoo pale “yield” inapokuwa jina, yaani nomino, maana fomu yako na mfuko wa baba vyote viko upande huo, na huku ndiko watu wengi wanapoumia mfukoni.

Miaka mingi iliyopita niliombwa kutafsiri kipeperushi cha kilimo cha mahindi. Kila palipoandikwa “high yield” niliandika “mavuno makubwa”, nikaridhika. Siku ya kukigawa nilikuwepo, kijiji kimoja upande wa Inyala. Mzee mmoja aliyekaa mbele akakisoma polepole, akainua mkono, akauliza: “Mavuno makubwa kwa shamba la ukubwa gani? Mimi nina ekari nane. Jirani yangu ana ekari moja. Gunia zangu ni nyingi kuliko zake, lakini yeye ndiye ananishinda.” Bwana shamba akanitazama mimi. Nilikuwa nimeiacha nusu ya neno nyuma.

Nusu hiyo ni kugawanya. “Yield” ikiwa jina, mara nyingi sana si jumla. Ni kiasi kilichotoka kikilinganishwa na kilichowekwa. Chukulia mama mmoja ana ekari 2, amevuna gunia 36 za kilo 100. Jirani yake ana ekari 5, amevuna gunia 60. Kwa uzalishaji, “production”, jirani yuko juu. Kwa “yield” mama ana gunia 18 kwa ekari na jirani ana 12, kwa hiyo mama yuko juu, na ndiye wa kwenda kujifunza kwake. Ukisoma ripoti za kitaalamu utakuta wanapima kwa tani na hekta. Hekta 1 ni kama ekari 2.47, kwa hiyo gunia 18 za mama zinakuwa kama tani 4.4 kwa hekta. Maafisa ugani hutumia neno tija, na ni neno zuri, ila ni pana: kuna tija ya mfanyakazi, tija ya ng’ombe. Nikiandika kwa wakulima siku hizi nasema “mavuno kwa ekari”, maneno matatu ambayo yule mzee asingeniinulia mkono.

Jingine ni kipimo chenyewe. Ukiandika “yield” ya viazi mviringo kwa kuhesabu magunia yaliyofungwa lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita mdomo wa gunia, umeandika uongo bila kukusudia, kwa sababu gunia la lumbesa halina kilo zinazojulikana. Lumbesa imepigwa marufuku kwa sababu inamdhulumu mkulima, na mimi naongeza kwamba inamnyima pia hata kujijua, maana hawezi kulinganisha shamba lake la mwaka huu na la mwaka jana. Mzani kwanza, hesabu baadaye.

Usichanganye pia na “harvest”. Hiyo ni kuvuna kwenyewe, au msimu wake. Unasema “The harvest starts in June”, husemi “The yield starts in June”. Na “crop” ni zao lenyewe: mahindi ni “crop”, chai ya Mufindi ni “crop”, parachichi ni “crop”. Sifa za “yield” ni “high” na “low”, au “good” na “poor”. Anayesema “big yield” ataeleweka, lakini sikio la mzawa litashtuka kidogo. Wingi upo: “Maize yields fell that year”, mavuno kwa eneo yalishuka mwaka ule katika mashamba mengi.

Kuhusu mfuko wa baba. “Yield potential” ni uwezo wa mbegu kutoa ikipata kila kitu: mvua kwa wakati, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, nafasi sahihi, palizi, wadudu kudhibitiwa. Mbegu kama UH 615, ambayo herufi zake zinaitaja Uyole ilikotoka, au nyingine yoyote chotara, ikiandikiwa namba kubwa, namba hiyo ni dari. Si ahadi. Mwambie baba aisome kama “uwezo wa kuzaa”, asiisome kama “utavuna”. Nimewaona watu waliochukua namba ya kwenye mfuko wakaizidisha kwa ekari zao, wakaenda kukopa kwa hesabu hiyo. Neno “potential” lilikuwa pale, limeandikwa wazi, na hakuna aliyewasomea.

Kaka yako naye hajakosea. Hatifungani ni hati unayopewa ukiikopesha serikali. Chukulia ya shilingi 1,000,000 yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kila mwaka inalipa 120,000, hiyo haibadiliki. Lakini kama umeinunua kwa 960,000, basi 120,000 gawanya kwa 960,000 unapata asilimia 12.5. Riba ni 12, “yield” ni 12.5. Umeona? Ni mahindi yaleyale: kilichotoka, gawanya kwa kilichowekwa. Fedha imechukua nafasi ya ekari. Na “yield to maturity” inahesabu pia zile 40,000 za ziada utakazopata siku serikali itakapokurudishia 1,000,000 kamili. Angalia tu kwamba “to” hii si ile ya kusalimu amri. Hapa maana yake ni hadi: mapato ukikaa nayo hadi iive. Ndiyo, Benki nazo husema hatifungani inaiva. Maneno ya shambani yamehamia mjini na hayakubadilisha nguo.

Mengine nikupitishe haraka. Mashine ya kukoboa: ukipeleka kilo 100 za mpunga wa Mbarali ukarudi na kilo 65 za mchele, “milling yield” ni asilimia 65. Kichwani mwa maelekezo ya mapishi ukikuta “Yield: 20”, ni idadi ya chapati au maandazi yatakayotoka, na hapo kweli ni jumla, kwa kuwa kilichowekwa kimeshaorodheshwa chini yake. Wanafunzi wa ujenzi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanalijua kama “yield strength” ya nondo: ipinde kidogo itarudi, ipinde kupita kiwango fulani haitarudi tena, imekubali. Barabarani, pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini Wamarekani huiandika “Yield” na Waingereza “Give way”. Sisi tunaifuata ile ya Waingereza, na Kiswahili chake ni pisha.

Matamshi. Mwisho wake unasikika sawa na wa “field”, shamba. Vuta ile “i”, kama unaandika yiild, na “d” ya mwisho isiangushiwe irabu. Ukilikata likawa “yeld”, msikilizaji anasikia “yelled”, yaani alipiga kelele, na sentensi yote inapotea. Sema “the yield of the field” mara kumi ukiwa njiani kwenda kazini. Ulimi utalizoea kabla ya Ijumaa.

Sasa fomu yako, ambayo naiona ndiyo inayokunyima usingizi. Safu ile ni jina, kwa hiyo uliza swali la yule mzee: kwa kiasi gani? Kilichoingia kituoni kwenu ni matunda yaliyopokelewa. Kilichotoka ni yale yaliyofaulu kufungwa kwa soko la nje. Tuseme asubuhi mlipima kilo 1,200, na jioni zilizofungwa ni kilo 900, nyingine zimebaki kwa soko la ndani na za kukamua mafuta. 900 gawanya kwa 1,200 ni 0.75. Kwenye safu ya “Yield” unaandika 75%, na idadi ya kreti inakaa kwenye safu ya kiasi kilichopokelewa au kilichofungwa. Tazama kama juu ya safu pana alama ya asilimia. Kama haipo, muulize msimamizi wanataka kilo au asilimia kabla hujajaza ya kesho, maana kuna vituo vinavyoandika kilo zilizofaulu tu. Siku ulizokwisha kujaza zisikutie hofu. Daftari la mzani lipo, kilo za asubuhi na za jioni zimo, kaa nalo nusu saa uzikokotoe upya moja moja. Na ukitakiwa kueleza kwa Kiingereza ulichobadilisha, sentensi hii inatosha: “I had entered the number of crates, the correct yield for that day was 75 per cent.”